Boksi la sabufa linalovuma noti moja: kabla hujatoboa tundu la pili

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST, nimefunga sabufa ya inchi 12 kwenye boksi la dukani lenye bomba moja la hewa. Muziki wangu ni rumba na zilipendwa, Bongo Fleva kidogo. Shida ni kwamba besi inavuma tu. Kuna noti zinapiga mpaka kioo cha nyuma kinatetema, nyingine hazisikiki kabisa. Boksi kwa nje lina upana wa sm 60, kimo sm 36, kina sm 33, na ubao ni wa mm 15. Bomba lina kipenyo cha sm 10 kwa ndani na urefu wa sm 10. Karatasi ya spika inasema Fs 28 Hz, Qes 0.50, Qts 0.45, Vas lita 60, RMS wati 300. Fundi mmoja hapa Tanga kaniambia nitoboe tundu la pili ili boksi lipumue. Mwingine anasema nijaze pamba. Nimfuate yupi, au ninunue tu spika ya pili?

Jibu: Nzuri kabisa, ndugu yangu. Umenirahisishia kazi kwa kuleta vipimo vya boksi na namba za spika. Kwa msomaji mgeni: Hz ni mitetemo kwa sekunde, Fs ni masafa ambayo spika hutikisika yenyewe ikiwa nje ya boksi, Qes na Qts ni vipimo vya jinsi inavyojifunga breki, Vas ni lita za hewa zenye ulaini sawa na wa mpira unaoishika koni, na RMS ni wati inazobeba mfululizo. Wengi huniletea sentensi moja, "fundi, besi haipigi vizuri," kisha wanataka nibashiri.

Nianze na la haraka, maana huenda drili umeshaiazima: tundu la pili usitoboe. Boksi lako lina kasoro kweli, ila si ya kukosa pumzi. Limesetiwa juu mno, yaani masafa ambayo bomba lake huvuma kwa nguvu yako juu, na tundu la pili litalipandisha zaidi. Pamba haitakudhuru, lakini haigusi tatizo lenyewe. Spika ya pili tutaizungumza mwishoni.

Tupige hesabu kwanza, kwa sababu bila hesabu kila fundi ana haki ya kusema lake. Ubao wa mm 15 unakula sm 3 katika kila kipimo, sm moja na nusu kila upande. Kwa hiyo ndani una 57 kwa 33 kwa 30. Zidisha, unapata sm za ujazo 56,430, yaani lita 56.4. Sumaku na fremu ya spika ya inchi 12 hula kama lita 2 na nusu. Bomba nalo, ukihesabu na unene wa plastiki yake, linakula karibu lita 1. Hewa iliyobaki kufanya kazi ni lita 53.

Sasa chukua kipenyo cha bomba kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,562. Jibu ligawe kwa lita za boksi, halafu ligawe tena kwa masafa unayoyataka yakiwa yamezidishwa kwa yenyewe. Mwisho toa kipenyo mara 0.73. Unachopata ni urefu wa bomba kwa sentimita. Ukiigeuza hesabu hiyo nyuma mbele, ukaanza na bomba lako la sm 10 kwa sm 10 na lita 53, inakuambia boksi lako limesetiwa kwenye 51 Hz. Kwa gari dogo na kwa muziki wa rumba, hapo ni juu.

Ukitoboa tundu la pili la ukubwa uleule na kuweka bomba la urefu uleule, boksi linaruka kutoka 51 mpaka kama 72 Hz. Hapo sabufa imegeuka kuwa spika ya mlangoni iliyokaa kwenye buti. Ukitoboa tundu tupu, bila bomba lolote ndani, masafa yanapanda kupita hapo.

Najua kwa nini ushauri huo unapendwa. Mtu anaona tundu, anaweka mkono, anahisi upepo, anaamini kwamba upepo ukitoka kwa wingi na besi itatoka kwa wingi. Lakini bomba la boksi si la kutolea hewa. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda: hewa iliyoko shingoni inacheza juu na chini ikiegemea hewa iliyoko tumboni, na chupa inatoa sauti yake moja. Tumbo likiwa kubwa, sauti inashuka. Shingo ikiwa ndefu, inashuka. Shingo ikiwa pana, inapanda. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliichunguza tabia hiyo katika karne ya 19, na boksi lako linafuata kanuni ileile. Hewa ya kwenye bomba ni uzito, hewa ya kwenye boksi ni springi. Kuongeza tundu la pili ni sawa na kupanua shingo, ndiyo maana sauti inapanda badala ya kushuka.

Tuiweke hiyo 51 Hz kwenye muziki wako. Gitaa la besi la nyuzi nne, waya wake mnene kabisa ukipigwa wazi unatoa 41 Hz. Wa pili ni 55, wa tatu 73, wa nne 98. Mpiga besi wa rumba hatulii sehemu moja. Anapanda na kushuka kwenye nyuzi zote nne, na utamu wa muziki huo uko katika safari hiyo. Sasa boksi lako linashangilia kila anapopita karibu na 50 na 55, yaani zile noti za juu za waya wa kwanza na ule wa pili ukiwa wazi. Akishuka chini kabisa kwenye 41 au 44, sauti inaporomoka. Ndicho ulichokisikia: noti moja inatetemesha kioo, jirani yake haipo.

Kuporomoka huko kuna sababu yake. Katika boksi la bomba, masafa yakishuka chini ya pale liliposetiwa, hewa ya bombani inaanza kwenda kinyume na koni ya spika. Koni inasukuma, bomba linavuta, na vyote viwili vinafutana. Sauti inapungua kama desibeli 24 kila masafa yanaposhuka kwa nusu, na huo ni mteremko mkali. Kibaya zaidi, koni inapoteza ile springi ya hewa iliyokuwa inaishikilia. Inaanza kupiga mbele na nyuma bila breki huku wewe husikii kitu, na kwa kuwa husikii unaongeza sauti. Spika nyingi za inchi 12 zinazoletwa kwa fundi mpira wa ukingo umechanika au koili inakwaruza zimefia hapo, na mwenye gari anaapa kwamba hakupiga kwa nguvu.

Halafu kuna gari lenyewe, ambalo watengenezaji wa boksi za dukani hawalijui. Chumba cha gari ni kidogo kuliko wimbi la besi. Masafa ambayo nusu ya wimbi lake inazidi urefu wa ndani wa gari huanza kuongezewa nguvu na chumba chenyewe. Ukichukua urefu wa ndani kuwa kama mita 2 na nusu, hilo linaanzia karibu na 70 Hz kwenda chini. Kwa nadharia ongezeko linafika desibeli 12 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Kwa vitendo ni pungufu, kwa sababu bati linanesa na milango inavujisha. Hata hivyo ni nguvu nyingi ya bure. Boksi la dukani linalosikika sawa likiwa juu ya meza ya duka, ukilipeleka ndani ya IST, ule mlima wake wa 50 mpaka 60 unapandishwa tena na gari. Ndiyo maana uliposikiliza dukani ulilipenda.

Mwenye matatu Nairobi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutaka boksi la 50 Hz. Anataka kelele isikike mtaa wa pili kabla gari halijakata kona, na boksi lililosetiwa juu hutoa kelele nyingi kwa wati chache. Wewe unataka kusikia mpiga besi. Kazi ni mbili tofauti.

Jaribio la kwanza halina gharama na halikati ubao. Chukua taulo nzito, ikunje iwe mviringo mnene, isokomeze kwenye bomba mpaka ikaze, mkia wake ubaki nje usije ukaifuata ndani. Endesha siku mbili tatu ukisikiliza nyimbo zilezile unazozijua kwa moyo. Usiongeze sauti kufidia chochote. Siku ya kwanza utaona besi imepungua na utataka kuitoa taulo. Vumilia, sikio lako limezoea ule mvumo. Sikiliza kama sasa unaweza kumfuata mpiga besi noti kwa noti, pamoja na zile za chini zilizokuwa zinapotea. Taulo haizibi hewa kikamilifu, lakini inatosha kukuonyesha boksi hilo lingesikika vipi likizibwa.

Kwa spika yako, nadhani utalipenda likiwa limezibwa, na namba zinaniunga mkono. Gawanya Fs kwa Qes, yaani 28 kwa 0.50, unapata 56. Kwa kawaida spika yenye jibu la karibu na 50 au chini yake inafurahia boksi la kuziba, na ile inayokaribia 100 inataka bomba. Yako iko upande wa kuziba. Namba hizi za karatasi, Fs, Qts na Vas, tunadaiwa na wahandisi wawili waliofanya kazi Australia: Neville Thiele, aliyetoa andiko lake mwaka 1961, na Richard Small, aliyelikamilisha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao watu walikata mbao na kusikiliza, wakakata tena.

Boksi lako likizibwa linabaki na lita 54, kwa kuwa hewa ya ndani ya bomba sasa ni mali ya boksi. Chukua Vas 60, gawanya kwa 54, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts yako ya 0.45. Jibu ni 0.65. Namba hii ndiyo tabia ya mwisho ya spika ikiwa ndani ya boksi. Kwenye 0.71 besi inakuwa tambarare kwa kadiri inavyowezekana. Ikifika 1 inaanza kuwa nzito na ya kuvuma. Ikishuka chini ya 0.6 inakauka. Hiyo 0.65 ni besi iliyobana, inayoacha noti mara inapokwisha, na ndani ya gari napendelea hapo kuliko 0.71. Boksi litaanza kushuka kwenye 41 Hz, tena taratibu, desibeli 12 tu kwa kila nusu. Kumbuka gari nalo linaongeza kuelekea huko chini. Mteremko wa boksi na mpando wa gari vinakutana, na unapata besi inayofika chini kuliko boksi la bomba ulilonalo, ingawa kelele ya juu imepungua.

Hapo ndipo pa kulipia. Boksi la kuziba halikupi zile desibeli za ziada ambazo bomba linatoa karibu na masafa yake. Utahitaji kuipa spika wati zake kikamilifu. Wati 300 za RMS kutoka kwa amplifaya ya kweli zinatosha kabisa kwa IST. Zile 1,200 au 1,500 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye makasha ya dukani ni pambo la kasha.

Ukiamua kuziba moja kwa moja, kata kisahani cha plaiwudi ya mm 18 chenye kipenyo cha sm 15 hivi, pakaza silikoni ukingoni, kifunge kwa skrubu sita juu ya mdomo wa bomba. Bomba lenyewe si lazima ulitoe. Silikoni ile inayonuka kama siki iache ikauke siku nzima kabla hujairudisha spika, maana mvuke wake ukifungiwa ndani si rafiki wa gundi na sifongo ya spika.

Na pamba? Fundi wako wa pili hajakosea, ila amekupa dawa ya boksi dogo. Nyuzi za polista za kujazia mito, zikijazwa kwenye boksi la kuziba, hufanya springi ya hewa iwe laini kidogo, na spika inaliona boksi kama limekua. Kwa vitendo ni asilimia 10 mpaka 20 hivi. Kama boksi lako lingekuwa la lita 30, ile namba ingekuwa 0.78 na pamba ingekusaidia kuishusha. Kwa lita 54 itatoka 0.65 kwenda 0.63, na sidhani kama utaisikia tofauti hiyo barabara ya Tanga–Segera madirisha yakiwa wazi. Ukitaka kuweka, nusu kilo inatosha. Ichambue kwa mikono iwe nyepesi, isiguse koni, na usitumie pamba halisi ambayo unyevu wa pwani utaigeuza donge. Kwenye boksi la bomba usijaze kabisa. Pamba mbele ya bomba inaua kazi ya bomba.

Huenda taulo imekushinda. Umesikiliza, umekiri kwamba noti zinasikika, lakini kifua hakitikisiki na moyo wako unataka kifua kitikisike. Si dhambi. Basi bomba libaki, ila lirefushwe.

Lengo liwe 34 Hz, chini ya ule waya mnene wa 41, ili mlima wa boksi usikae katikati ya muziki. Bomba refu linakula nafasi zaidi, kwa hiyo hesabu upya: hewa inabaki kama lita 51. Kwa kipenyo cha sm 10, hesabu inatoa urefu wa sm 32 na nusu. Sasa tazama kina cha boksi lako kwa ndani: sm 30. Bomba haliingii kwa kunyooka, na hata lingeingia, mdomo wa ndani unahitaji uwe mbali na ubao angalau kwa kipenyo kimoja cha bomba, sm 10. Ukiubana, masafa yanabadilika na upepo unapiga mluzi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuziba tundu la mbele na kukata jipya ubavuni, ili bomba lilale kwenye ule upana wa sm 57, juu kabisa karibu na ubao wa nyuma, lisigongane na sumaku. Ya pili ni kuendeleza bomba lililopo kwa kona ya bomba la maji taka la inchi 4, lile la mafundi bomba. Linaingia mbele, linakata kona, linaendelea ubavuni. Urefu wa kona pima kwa kufuata katikati ya bomba. Mgongo wa kona utakudanganya upande mmoja na tumbo lake upande wa pili. Kagua pia kipenyo cha ndani, kwa sababu bomba hilo lina sm 11 kwa nje na unene wa plastiki unatofautiana. Bomba likiwa na sm 10.4 kwa ndani badala ya 10, hesabu irudiwe.

Kata refu kuliko hesabu, sm 36 hivi, halafu lipunguze kwa sentimita mbili mbili. Kujua limefika wapi hakuhitaji chombo. Weka kwenye simu programu ya kutoa toni, piga kwa sauti ndogo kuanzia 60 Hz ukishuka taratibu, huku umeitazama koni. Kuna mahali itakaribia kusimama wakati karatasi ya tishu uliyoishika mbele ya bomba inapepea kuliko mahali pengine popote. Hapo ndipo boksi liliposetiwa. Unaweza kuanza kwa kulipima hilo boksi la sasa kabla hujaligusa, uone kama koni haitatulia karibu na 51.

Utauliza: mbona nisiweke mabomba mawili marefu, nipate upepo mwingi na masafa ya chini? Swali zuri, na jibu lake linaonyesha kwa nini boksi za dukani ziko vile zilivyo. Bomba moja la sm 10 lina eneo la sm za mraba 78. Kanuni ya mafundi wanaopenda kelele ni kama sm 3 za mraba kwa kila lita, yaani 150 kwa boksi lako, mabomba mawili. Lakini mabomba mawili kwa 34 Hz yanataka urefu wa zaidi ya sm 70 kila moja, na yote mawili yatakula kama lita 14 za boksi, jambo litakaloyataka yawe marefu zaidi. Hayaingii. Boksi dogo, masafa ya chini na bomba pana havikai pamoja. Mtengenezaji wa boksi la bei nafuu huchagua dogo na pana, akaacha masafa yapande, kwa sababu mnunuzi anapima boksi kwa macho na kwa kelele.

Kwa hiyo kubali bomba moja, na ulisaidie kwa kupanua midomo yake. Pasha ncha ya bomba kwa hewa ya moto mpaka ilegee, ibonyeze juu ya mgongo wa bakuli la chuma, ishikilie ipoe. Mdomo uliopanuka hupunguza mluzi wa upepo kwenye sauti kubwa. Fanya kazi hiyo nje, na plastiki isiungue. Moshi wake ni sumu.

Njia yoyote utakayochagua, kuna kazi ambayo itakulipa kuliko zote na hakuna aliyekutajia: kuvuja na kunesa. Piga toni ya 40 Hz kwa sauti ya wastani, washa kijiti cha ubani, kipitishe polepole kwenye viungo vyote vya boksi, kuzunguka spika, na hasa kwenye kile kibati cha plastiki cha kuunganishia waya. Moshi ukirushwa pembeni, hapo panavuja. Kibati hicho ndicho mkosaji wa kwanza katika boksi nyingi. Kitoe, pitisha waya kwenye tundu dogo, ziba kwa silikoni. Chini ya ukingo wa spika weka utepe wa sifongo, ule unaozuia upepo milangoni.

Kisha gonga kila ubao kwa kifundo cha kidole. Ubao wa mm 15 wenye upana wa sm 57 utakujibu kwa sauti ya ngoma, na kila unapojibu hivyo jua kuna nguvu ya amplifaya inatikisa ubao badala ya hewa. Chukua mti mkavu wa sm 4 kwa 4, ukate uenee kwa kubana kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma, mahali pasipogusa sumaku, gundi ya mbao na skrubu pande zote mbili. Mti mmoja wa sm 30 unakula chini ya nusu lita, na boksi linakuwa jingine. Ukiwa na uwezo, mti wa pili kati ya sakafu na kifuniko. Kama boksi ni la chipbodi, pakaza gundi ya mbao iliyozimuliwa au vanishi kwenye kingo zote zilizo wazi ndani. Unyevu wa Tanga huingia kupitia kingo, chipbodi inavimba, skrubu zinalegea, na baada ya masika boksi linaanza kukereketa. Siku ukijenga boksi jipya, chukua plaiwudi nzuri ya mm 18. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, inasifiwa sana, na kwa sauti haina tatizo, ila maji haiyawezi.

Mipangilio ya amplifaya nitaipitia haraka. Palipoandikwa LPF, kichujio kinachopitisha masafa ya chini tu, anza na 80 Hz. Palipoandikwa SUBSONIC, kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa, kama umebaki na bomba la 34 Hz weka 27 au 28, hiyo ndiyo breki ya koni. Ukiziba boksi unaweza kuiacha chini kabisa. GAIN si kitasa cha sauti. Pandisha mpaka pale besi inapokuwa safi redio ikiwa robo tatu, basi. Geuza boksi spika itazame mlango wa nyuma, ukiacha nafasi kama ya kiganja kwa boksi la kuziba, au zaidi ya sm 10 mbele ya bomba. Halafu badilisha plasi na mainasi kwenye spika ya sabufa tu, sikiliza ukiwa kiti cha dereva, na uache upande unaojaza besi zaidi pale inapokutana na spika za milango. Kioo kikiendelea kutetema, kagua kibao cha namba na kifuniko cha tairi la akiba kabla hujalilaumu boksi.

Nimebaki na spika ya pili. Ukiiingiza ileile ndani ya boksi hilihili likiwa limezibwa, kila spika inabaki na nusu ya hewa, ile namba ya 0.65 inapanda hadi 0.82, na boksi linaanza kushuka kwenye 51 Hz badala ya 41. Kelele itaongezeka, na ule mvumo ulioniandikia utaanza kurudi. Ili spika mbili zisikike kama moja itakavyosikika baada ya kuziba, unahitaji lita 108, na zikiingia kwenye buti la IST hakuna mzigo utakaoingia nao. Amplifaya itabidi ibadilishwe, na waya wa betri pia. Pesa hiyo ningeipeleka kwenye spika za milango ya mbele. Besi ikishanyooka ndipo utagundua jinsi zilivyochoka.